Kukubalika Kanisani katika Nitaolewa Nikipenda: Tamaa au Kiu ya Kutambuliwa?

Mtahiniwa akiulizwa ajadili maudhui ya dini katika tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda, jibu huwa li tayari: dini ni chombo cha unyonyaji. Jibu hilo si kosa. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliitunga kwa Kikuyu, nao wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, wakaiigiza mwaka 1977. Mwezi Novemba mwaka huo leseni ya maonyesho ilifutwa, na mwezi Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Hawa si waandishi waliouficha msimamo wao. Hata hivyo, jibu hilo haliambii msomaji kwa nini Kiguunda na Wangeci, watu wazima wenye akili timamu, wanakubali kuiweka ardhi yao rehani kwa ajili ya harusi ya kanisani. Makala haya yanadai kwamba, pamoja na tamaa, wanasukumwa na kiu ya kukubaliwa.

Nyumba inayongojea wageni

Tazama onyesho la kwanza. Kiguunda anatengeneza kiti, Wangeci anamenya viazi. Nyumba nzima inahangaikia ujio wa Kioi, tajiri na mzee wa kanisa, pamoja na mkewe Jezebel. Ukutani imetundikwa hati ya shamba la ekari moja na nusu. Ni kana kwamba waandishi wameweka mbele yetu mizani: upande huu kiti kibovu, upande ule hati. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa pana kinaya, kwani mgeni huyu anakuja na mwenyeji anaugua.

Kioi anawaambia wenyeji wake kwamba wanaishi katika dhambi kwa kuwa hawakufunga ndoa kanisani. Kiguunda alimwoa Wangeci kwa mila, wakazaa na kulea. Kwa neno moja, maisha yao yote yanageuzwa kuwa aibu. Ghadhabu ya Kiguunda, anayefikia kushika upanga, si ya mtu mwenye tamaa. Ni ya mtu aliyekataliwa nyumbani kwake mwenyewe.

Makanisa mawili mlangoni

Kabla ya Kioi kufika, kikundi cha waumini maskini hupita hapo. Ni kanisa la wasio na ardhi wala mali, nao wanaomba mchango wa harambee wajenge pa kusalia. Wanaondoka mikono mitupu. Watahiniwa wengi hulipita tukio hili, ilhali ndilo ufunguo. Kanisa ambalo lingempokea Kiguunda jinsi alivyo halimvutii. Linalomvuta ni lile linalomkataa. Baadaye mtu huyu asiyekuwa na senti ya harambee anachukua mkopo wa benki, kwa msaada wa Kioi, anunue suti, viti vipya na sherehe. Hata majina atapewa mapya, ya kizungu. Yaani ili akubalike, sharti aache kuwa Kiguunda.

Ni kweli, Wangeci anatumaini kwamba harusi hiyo itafungua njia ya binti yao Gathoni kuolewa na John, mwana wa Kioi. Tamaa ipo. Lakini Gathoni anapopata mimba na kutupwa, Kioi anakataa katakata. Ndipo tunapogundua kwamba meza aliyoikaribia Kiguunda haikuwahi kuwekewa kiti chake. Majina yenyewe yalituonya: katika Biblia, Ahabu na Yezebeli ndio waliolinyakua shamba la mizabibu la Nabothi. Msomaji aliyelelewa kanisani angepaswa kushtuka mapema.

Tamthilia hii na msomaji wa Eastlands

Nafundisha katika shule ya kutwa Eastlands, na wanafunzi wangu hutoka Dandora, Kayole na Umoja. Kwao hakuna hatimiliki ukutani. Kuna chumba cha kupanga. Lakini suala la Wangeci wanalijua. Wazazi wengi wanaishi bila ndoa ya kanisani kwa sababu mahari haijakamilika au gharama ya sherehe inatisha. Mama wa namna hiyo, akiwa Mkatoliki, hubaki kwenye benchi wenzake wakienda kupokea komunyo. Msiba ukitokea, swali la kwanza huwa: marehemu alikuwa jumuiya gani? Kutambulika kanisani huko mtaani, ambako ndugu wa damu wako mbali, ni bima, ni ukoo, ni heshima. Ndiyo maana wanafunzi hao humtetea Wangeci kwa ukali kuliko vitabu vya mwongozo.

Hapa ndipo ninapoona upungufu wa tamthilia. Upande wa Kioi umesawiriwa kwa kina. Waumini maskini wamepewa dakika chache, tena kwa kejeli. Gicaamba, jirani mfanyakazi wa kiwandani, anaikosoa dini kwa hoja nzito, lakini hamwonyeshi Wangeci pa kuipeleka kiu yake zaidi ya umoja wa wafanyakazi. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, zinazokutana nyumba kwa nyumba mitaani kwetu, nazo huja kama Kioi alivyokuja. Tofauti ni kwamba mgeni huketi kwenye kiti kilichopo, hata kikiwa kibovu. Baadhi ya parokia hufungisha ndoa za pamoja ili umaskini usiwe kizuizi. Kanisa la namna hiyo halionekani katika mchezo.

Hitimisho

Mtahiniwa asiishie kusema kwamba Kiguunda alidanganywa. Aonyeshe alichokuwa akikitafuta, na nani alikipigia bei. Kutaka kukubaliwa si udhaifu. Uovu ni wa anayeuza kukubaliwa huko.

Maswali ya mazoezi

1. Eleza umuhimu wa tukio la waumini wanaoomba harambee katika kujenga maudhui ya tamthilia.
2. "Kioi anaitumia aibu kuliko anavyoitumia dini." Jadili.