Kilichokutwa Ndani ya PlayStation ya Nintendo

Ukiutazama kwa mbele, mtambo huu unakuchanganya. Chapa ni ya Sony, jina ni PlayStation, lakini juu una tundu la kuchomekea katriji za Super Famicom, konsoli ya Nintendo, na padi yake ina umbo lilelile la padi za Nintendo, ila imeandikwa Sony. Mbele kuna trei ya CD. Plastiki yake, iliyokuwa ya kijivu, imeingia unjano. Kwa zaidi ya miaka 20 wapenzi wa gemu walibishana juu yake kama wavuvi wanaobishania meli iliyozama: wengine wakiapa ipo, wengine wakisema ni hadithi tu.

Chanzo chake kinajulikana. Ken Kutaragi, mhandisi wa Sony, ndiye aliyebuni chipu ya sauti ya Super Famicom, na kupitia mlango huo kampuni hizo mbili zikakubaliana kuiongezea konsoli hiyo CD. Juni 1991, kwenye maonyesho ya elektroniki mjini Chicago, Sony ikatangaza mashine yake. Kesho yake tu Nintendo ikapanda jukwaani na kusema mshirika wake wa CD ni Philips. Nintendo walikuwa wameusoma upya mkataba wakaona unaiachia Sony mamlaka juu ya gemu zote za CD, na gemu ndizo zenye pesa. Sony wakabaki na aibu, na mitambo michache ya majaribio.

Mmoja ulijitokeza mwaka 2015 huko Marekani. Fundi wa matengenezo katika kampuni ya fedha ya Advanta alikuwa ameununua bila kujua thamani yake, ukiwa ndani ya furushi la vitu kwenye mnada baada ya kampuni hiyo kufilisika. Olaf Olafsson, aliyewahi kuongoza kitengo cha gemu cha Sony, alipata kufanya kazi Advanta. Njia iliyoufikisha mtambo ule pale haihitaji mpelelezi.

Kazi ya kweli ilianza baada ya hapo. Mtambo uliwaka na kucheza katriji za kawaida bila shida, ila upande wa CD ulikuwa umekufa. Benjamin Heckendorn, mtengenezaji maarufu wa vifaa vya gemu, aliufungua mwaka 2016, na mwaka uliofuata akaurudia. Hakukuwa na mchoro wa saketi wa kumwongoza. Alibadilisha kapasita na kukagua miunganisho, na bado CD ikagoma. Kisha siku moja, baada ya kusogezasogeza nyaya, kisomeo kikaanza kuzitambua nyimbo kwenye diski. Yeye mwenyewe alikiri kwa mzaha kwamba ni kama kilijitengeneza. Mafundi wa redio wanaijua hali hiyo: kuna hitilafu zinazoondoka bila kuaga.

Lakini kwangu mimi, ufunguo wa fumbo zima haukuwa kisomeo. Ulikuwa katriji iliyokutwa pamoja na mtambo. Bila katriji hiyo CD haifanyi lolote, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo programu ya kuiamsha, pamoja na kumbukumbu ya ziada ya kupokea data kutoka kwenye diski. Programu hiyo iliponakiliwa, Martin Korth, mtunzi wa emuleta, aliichambua akaielewa kiasi cha kuifanya kompyuta ya kawaida ijifanye mtambo ule. Kwa hiyo gemu za CD zilizotungwa na mashabiki zilikuwa zikichezeka kwenye kompyuta kabla mtambo wenyewe haujapona. Ulipopona, zikachezeka humo pia.

Na hapo ndoto za wengi zikapata jibu. Ndani hamkuwa na prosesa mpya ya picha wala chipu ya siri. Prosesa ni ileile ya Super Famicom, ambayo kasi yake ya juu ni megahezi 3.58. CD ingeleta nafasi ya megabaiti mia sita na ushei, wakati katriji kubwa kabisa za Super Famicom zilifikia 6 tu. Ila konsoli yenyewe ilikuwa na kilobaiti 128 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Hata ukijumlisha ile ya ziada, data ingeingia kidogokidogo, mchezaji akisubiri. Ungepata muziki mzuri na filamu fupi, lakini si dunia ya pande tatu. Hiyo ilikuja na PlayStation nyingine kabisa, ambayo Kutaragi aliiunda upya na Sony ikaiuza Japani kuanzia Desemba 1994. Wanaosema Nintendo ilitupa dhahabu wanazichanganya mashine mbili zilizochangia jina.

Mnada wa Machi 2020 uliuuza mtambo ule kwa dola 360,000. Diski ya gemu rasmi iliyotungwa kwa ajili yake haijapata kuonekana hadharani. Anayetaka kujua gemu hizo zingefananaje, aicheze Secret of Mana ya mwaka 1993: kampuni ya Square iliipanga kwa ajili ya CD, na mpango ulipovunjika ikalazimika kuipunguza mpaka ikaenea kwenye katriji ya megabaiti 2.