Raba si mpira: Kiswahili mbele ya forodha

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina msamiati wa forodha. Dai hili ni la kupimwa, kwa sababu kijana wa Mlaleo, Kisauni, anayeagiza viatu kutoka Guangzhou na kuviuza mtandaoni hulilipia kwa pesa taslimu.

Mzigo ukitua Mombasa, swali huwa moja: hiki ni kitu gani? Jibu huandikwa kwa tarakimu. Mfumo wake unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao Brussels, na umetumika tangu 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima; Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili. Tarakimu hizo ndizo huamua kiwango cha ushuru.

Tazama viatu, vilivyo katika sura ya 64. Sura hiyo haiulizi kama ni vya kike au vya harusi. Huuliza sehemu ya juu ni ya nini, na soli ni ya nini. Makubadhi yenye kanda za ngozi na soli ya ngozi huenda 6403. Kandambili za mpira, 6402. Na raba je? Jina lasema mpira, lakini raba ya kitambaa juu na mpira chini ni 6404. Anayefuata jina bila kugeuza kiatu akakitazama atapotea.

Waona basi? Mswahili ana majina yanayotofautisha viatu hivi. Lakini muuzaji wetu huyaacha, akamwandikia wakala "viatu vya kike" kwa Kiingereza, maneno yasiyomwambia afisa lolote.

Isitoshe, kanga, kikoi na kitenge yametajwa kwa majina hayo hayo katika jedwali la ushuru la Jumuiya, ambalo limeandikwa kwa Kiingereza. Kilipokosekana cha Kiingereza, Kiswahili kilikaribishwa. Msamiati upo, kilichokosekana ni nia.

Kasoro yetu wenyewe ni neno "ushuru". Asili yake ni Kiarabu, sehemu ya kumi. Watanzania hutenga kodi na ushuru. Wakenya twaita yote ushuru. Bandarini mtu hulipa ushuru wa forodha, kisha kodi ya ongezeko la thamani, pamoja na ada nyingine. Akiambiwa tu "lipa ushuru", atajuaje ni upi unaotokana na uainishaji, ili aupinge ukikosewa?

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi jedwali hilo na maelezo yake yatafsiriwe, tukianza na sura zinazowagusa wachuuzi wadogo: nguo, viatu, mikoba. Sheria humruhusu mwagizaji kuomba uamuzi wa uainishaji kabla ya mzigo kufika. Haki hiyo itamfaa nini asiyeweza kusoma kinachoamuliwa?