Je, Namba Hizi ni Tasa?

Shule zetu za msingi za serikali hufundisha hesabu kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na maneno yake yastahili kupimwa kama yapimwavyo maneno ya shairi. Mtoto wa Milola akipotezwa na neno, hudhani amepotezwa na hesabu yenyewe, akajihukumu kuwa mjinga, akaiacha. Basi nayapima hapa maneno matatu: kigawo, kigawe, na namba tasa.

Mawili ya kwanza nayasifu. Aliyeyatunga aliijua lugha, kwa maana irabu ya mwisho ndiyo itendayo kazi yote. Kizibo huziba, kifuniko hufunika. Vivyo hivyo kigawo hugawa. Bali kiumbe ni kilichoumbwa, na mteule ni aliyeteuliwa. Kadhalika kigawe ni kile kinachogawanywa. 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, navyo vimekwisha. Vigawe vyake ni 12, 24, 36, 48, wala havina mwisho. Mwalimu asiyeonyesha jambo hili, akayakaririsha maneno hayo kama majina ya wageni, amemnyima mtoto ufunguo alio nao kinywani mwake. (Tena ayaandike ubaoni, maana aketiye nyuma hasikii vema o na e.)

La tatu ndilo lenye shida. Namba tasa ni kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13: kila moja ina vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe. Mtu mwenye miche 36 ya mikorosho aweza kuipanda safu 4 za miche 9, au safu 6 za miche 6. Akiongezewa mche mmoja, ikawa 37, hapati safu zilizo sawa kwa namna yo yote, ila safu moja ndefu, au mche mmoja mmoja. Hiyo ndiyo namba tasa.

Lakini je, ni tasa kweli? Atetezaye neno atasema kwamba ukiigawa haitoi kitu kipya. Haya, na tuizidishe. Samaki wa wavu wa Petro walikuwa 153, nayo ni 3 mara 3 mara 17. Hakuna awezaye kuipata 153 kwa kuzidisha namba tasa nyingine zo zote isipokuwa hizo. Na kila namba kubwa kuliko 1, ikiwa si tasa yenyewe, imezaliwa na namba tasa kwa njia moja tu. Basi zilizoitwa tasa ndizo mama za nyingine zote! Zilichokosa si watoto, ni wazazi. Zafanana na Melkizedeki kuliko Sara. Waarabu huziita namba za awali, na Wayunani wa kale waliziita za kwanza. Mimi ningalichagua hilo la awali. Hata hivyo neno tasa limekwisha kuenea vitabuni, wala sidhani litang'olewa. Iliyobaki ni mwalimu kulieleza kila alitajapo.

Namna ya kuzitambua ni ya zamani, nayo ni ya Afrika. Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene, mji wa yule Simoni aliyeuchukua msalaba, aliishi Aleksandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Alizipanga namba, akafuta vigawe vya 2, kisha vya 3, vya 5, vya 7, kama mtu achekechaye unga. Hata 100 zinabaki 25. Wala haifai kujaribu bila kikomo: kwa 97, jaribu 2, 3, 5 na 7 tu, kwa kuwa 11 mara 11 ni 121, imekwisha kupita. Zote zinaacha baki. Basi 97 ni tasa. Bali 91, ambayo wengi huidhania tasa, ni 7 mara 13.

Neno moja bado. Wengine hufundisha kwamba namba tasa ni ile igawanyikayo kwa 1 na kwa yenyewe tu. Maelezo hayo yaingiza 1 kwa mlango wa nyuma, nayo si tasa, kwa kuwa kigawo chake ni kimoja. Tena ikiruhusiwa, 12 itakuwa 2 mara 2 mara 3, na pia 1 mara 2 mara 2 mara 3, na kuongeza 1 nyingine upendavyo, na ile njia moja tuliyoitaja itapotea. Yafaa kusema: yenye vigawo viwili kamili.