Majina ya Manowari Zetu

Mtoto akipewa jina, jina lile hutueleza zaidi habari za wazazi kuliko habari za mtoto. Ndivyo ilivyo kwa meli za vita. Siku zinapoteremshwa majini hazijatenda lolote, jema wala baya. Lakini wakubwa waliokaa kuzichagulia majina wamekwisha kutuonyesha wanachokipenda na wanachokisahau. Kwa hiyo naomba ruhusa ya msomaji niyahakiki majina ya manowari za Kenya kama mhakiki mwingine angehakiki diwani ya mashairi. Diwani hii ni fupi, imechukua zaidi ya nusu karne kutungwa, na mtunzi wake ni serikali.

Nianze na sifa, maana zipo. Jeshi la wanamaji la Afrika Mashariki lililoendeshwa na wakoloni mpaka likavunjwa mwaka 1962 lilikuwa na meli iitwayo Rosalind. Rosalind ni msichana katika mchezo wa Shakespeare, na hadithi yake inapita msituni. Vijana wetu wa Pwani na wa bara walipanda meli ile, wakaisugua na kuipigia saluti, bila ya kuwa na sababu yoyote ya kujua huyo bibi ni nani. Na kabla ya hapo, kule Unguja, Sultani Barghash aliagiza Uingereza meli iliyofuata mfano wa manowari ya Waingereza iitwayo Glasgow, na jina akalichukua lile lile. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza iliizamisha Glasgow ya Sultani mbele ya mji wa Unguja. Jina la kuazima halikuikinga.

Ukilinganisha na hayo, Desemba 1964 palitendeka jambo kubwa. Kenya ilikuwa ndiyo kwanza inakuwa jamhuri, na jeshi lake la wanamaji likazaliwa mwezi huo huo. Meli yake ya mwanzo ilitoka Uingereza, na huko ilikuwa ikiitwa Aberford. Ilipofika kwetu ikaitwa Nyati. Mwaka 1966 zikafuata boti tatu za doria zilizoundwa na kampuni ya Vosper: Simba, Chui na Ndovu. Wakati ambapo sheria zetu na bajeti yetu viliandikwa kwa Kiingereza, ubavuni mwa meli zetu paliandikwa Kiswahili. Msajiliwa wa kutoka Lodwar na yule wa kutoka Lamu waliweza kulitamka jina la chombo chao na kulielewa. Sifa hiyo isidharauliwe, hata kama herufi tatu zinazotangulia kila jina, yaani KNS, ni za Kiingereza mpaka leo.

Sasa nigeuke. Nyati, simba, chui, ndovu: hawa ni wanyama wa nyika. Ndio waliokuwa kwenye stempu na kwenye mabango ya kuwaita watalii. Mwaka 1974 akaja Mamba, na hapo angalau tulipata mnyama wa majini, ingawa maji yake ni ya mtoni. Lakini bahari ina watu wake. Ina papa, ina nguva, ina kasa, ina pomboo anayesindikiza vyombo. Katika orodha nzima hutamkuta hata mmoja. Mtu aliyekaa kutafuta majina haya alikuwa ameipa bahari mgongo, akatazama bara.

Mwaka 1975 wanyama waliachwa, zikaja siasa: Madaraka, Jamhuri na Harambee. Hapa nitatofautisha. Madaraka na Jamhuri ni sikukuu. Mtu husimama, hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani. Harambee ni neno lenye jasho. Ni wito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, na yeyote aliyewahi kuona dau likipandishwa mchangani anajua kwamba bila ya wito haliendi. Jina hilo lilifaa, na nilifurahi liliporudishwa mwaka 2011, pale Ufaransa ilipoipatia Kenya meli yake ya doria La Rieuse. Wafaransa walikuwa wamemwita mwanamke mwenye kucheka. Sisi tukamtia kazini.

Lakini mwaka 1988 zilifika meli mbili kubwa za makombora, mita 56 kila moja, na mmoja wa mapacha hao aliitwa Nyayo, mwenziwe Umoja. Umoja ni dua njema, wala sina ugomvi nayo. Nyayo ndiyo inayonisumbua. Sote twajua neno lilikotoka: Rais Moi aliposhika nchi mwaka 1978 alisema atafuata nyayo za Mzee Kenyatta, na muda si muda nyayo zikawa zake mwenyewe. Kosa la kwanza ni la maadili. Manowari ni ya taifa, wito wa siasa ni wa utawala, na utawala una mwisho wake. Wake ulikwisha Desemba 2002, na meli ikabaki na jina. Kosa la pili ni la lugha, na kwa mhakiki ndilo zito zaidi. Bahari haiweki nyayo. Chombo hupita, povu hufuata nyuma ya tezi, kisha maji hujifunga kama kwamba hapakupita mtu. Kuipa meli jina la alama za miguu ni kukiri kwamba aliyelichagua alikuwa amesimama kwenye nchi kavu.

Katika miaka ya tisini zikaja meli mbili za kushushia askari na vifaa ufukweni, Galana na Tana. Ni majina ya mito, na nilipoyasikia nilidhani tumefika. Tana inafika kweli: huteremka kutoka milimani, ikapita kwa Wapokomo, ikamwaga maji yake Kipini. Je, Galana? Msomaji wa Malindi atanisaidia. Mto ule una majina kadiri unavyoteremka, na pale unapoingia baharini, karibu na Malindi, wenyeji hawauiti Galana, huuita Sabaki. Kwa hiyo hata tulipoufuata mto kuelekea pwani tulisimama njiani, tukachagua jina la bara. Maili chache zaidi zingetufikisha.

Baadaye zikafuata sifa. Mwaka 1997 tulipokea Shujaa na Shupavu kutoka Hispania, na mwaka 2012 Jasiri. Maneno matatu, maana karibu moja. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mtu anayejiita shujaa kabla ya vita huwapa watu nafasi ya kungoja waone. Jasiri ndiyo yenye kejeli kuliko zote. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003, ukaingia katika tuhuma za mikataba ya ulinzi iliyoitikisa serikali, na meli iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 4 ikachelewa kwa miaka mingi. Bahari haikuhusika. Yaliyohitaji ujasiri yalikuwa kwenye makaratasi.

Najua nitakavyojibiwa. Jina halipigi mzinga, wataniambia, na wanamaji walioshushwa ufukweni Kismayu Septemba 2012 hawakuuliza chombo chao kinaitwaje. Nakubali, na heshima yao wanayo. Lakini jirani yangu mmoja wa huku Likoni, mvuvi, huziona meli hizi zikiingia na kutoka Mtongwe siku zote. Majahazi anayajua kwa majina, hata yaliyokwisha kuoza. Hizi huziita kwa jumla, "zile za serikali". Jina ambalo mtu wa bahari halitumii halijawa jina. Ni maandishi tu.

Hapo ndipo penye shauri kubwa kuliko majina. Kwa muda mrefu nchi yetu imeitazama bahari kama ua wa nyuma, mahali pa kutupia macho pakisikika kishindo. Somalia ilipotushitaki mwaka 2014 juu ya mpaka wa baharini, wengi wetu ndipo tulipofungua ramani kwa mara ya kwanza. Na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ya kimataifa ilipotoa hukumu iliyoipa Somalia sehemu kubwa ya maji yaliyogombaniwa, serikali yetu ikaikataa. Sisemi kwamba jina lingeshinda kesi. Nasema kwamba mwenye nyumba anayeutaja mlango wake wa mbele kila siku hangojei jirani aje kumkumbusha ulipo.

Wenye kukosoa hudaiwa wapendekeze, nami nitapendekeza. Zikija meli mbili nyingine, ziitwe Kaskazi na Kusi. Ni pepo mbili zilizowaleta wageni na kuwarudisha, zilizojenga Lamu, Pate na Mombasa, na ambazo mpaka leo humwambia mvuvi lini atoke na lini avute chombo chake. Hazina chama, wala hazimsifu mtu. Hata yule wa bara atajifunza kitu akiuliza maana yake. Na ukiwapo mto tena, tafadhalini, uwe Sabaki.