Kitanda Kilichoghairiwa

Filamu ya Just a Routine Operation mmeshaitazama, kwa hiyo sitakirudia kisa chote. Elaine Bromiley, mama wa watoto wawili mwenye miaka 37, aliingia upasuaji wa pua Uingereza tarehe 29 Machi 2005. Akapewa dawa ya usingizi, njia ya hewa ikaziba, barakoa ikashindwa, mpira wa koo ukakataa kupita. Oksijeni ya damu ilikaa chini ya asilimia 40 kwa takriban dakika 20. Alifariki siku 13 baadaye.

Wachambuzi wengi huishia kwenye dakika hizo 20. Kweli, mwongozo wa Waingereza wa mwaka 2004 ulikuwa wazi: mpira ukikataa na hewa isipopita, toboa shingo. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa, akatangaza kwamba viko tayari, hakuna aliyemjibu. Hilo limeandikwa vya kutosha. Hatimaye waliahirisha upasuaji, na hilo lilikuwa sahihi.

Linaloniuma mimi ni lililofuata. Madaktari waliamua aachwe aamke mwenyewe, wakampeleka chumba cha kuzindukia. Ubongo uliokaa bila oksijeni ya kutosha muda wote ule ungemwamshaje? Muuguzi wa pili alikuwa ameshamtafutia kitanda cha wagonjwa mahututi. Alipowaarifu madaktari, alihisi wanamtazama kama mtu anayekuza mambo, akaenda kukighairi. Kitanda kilikuwepo! Mgonjwa akalazwa mahali pa kumsubiri mtu anayeamka, naye haamki, anapumua kwa kusuasua, na muda ukazidi kuyoyoma kabla hajahamishiwa kwa mahututi. Hapakukosekana vifaa wala ujuzi, maana mabingwa walikuwa watatu. Waliona pumzi imerudi, wakaamini hatari imekwisha. Ni uamuzi mbaya, na sioni cha kuutetea.

Kila mwaka nalalamikia imani hiyo. Mgonjwa wa pua hutoka mezani matundu yote mawili yamezibwa kwa pamba, damu inachuruzika nyuma ya koo. Mlaze chali akiwa bado amelewa dawa, ulimi unaanguka nyuma. Donge la damu likidondokea kwenye zoloto, zoloto hubana. Kijana mwenye kifua chenye nguvu akivuta hewa kwa nguvu dhidi ya mlango uliofungwa, mapafu yake yanaweza kujaa maji. Uchunguzi mkubwa wa Waingereza uliochapishwa mwaka 2011, NAP4, ulikuta karibu theluthi moja ya ajali za njia ya hewa wakati wa nusukaputi zilitokea mgonjwa akiwa anazinduka au ameshafika chumba cha kuzindukia.

Sisi wa Mugunga, hapa Goma, tuna sababu ya ziada ya kuogopa. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Pumzi ikikatika, oksijeni hushuka haraka kuliko Mombasa. Tena mazuku tunayajua: kaboni dayoksaidi inayotuama mabondeni kwenye mawe ya volkano na kuua mbuzi na watoto. Gesi hiyohiyo hujaa katika damu ya mgonjwa anayepumua kidogokidogo, huku oksijeni ya barakoa ikifanya kipimo cha kidole kionyeshe 98. Kipimo hicho hakihesabu pumzi, na nimechoka kuona watu wakikikodolea macho badala ya kuweka kiganja kifuani.

Daktari wa usingizi Ivan Magill hakuwa na kipimo cha kidole alipowalaza askari waliovunjwa nyuso huko Sidcup, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Alikuwa na macho, masikio na mkono wake, na pumzi ya mgonjwa aliisikiliza. Ningemkabidhi yeye pua yangu kabla ya wengi wenye mashine za leo.

Ndugu zangu wauguzi wa chumba cha kuzindukia, mkiletewa mgonjwa wa pua asiyefumbua macho akiitwa, asiyemeza wala kukohoa mwenyewe, msimpokee. Mgeuzeni ubavu, mfyonzeni damu kooni, ulizeni kwa sauti kama pamba ya koo imetolewa, na aliyemlaza asiondoke. Na mkishapata kitanda cha mahututi, msikighairi kwa sababu ya jicho la daktari.