Neno na Mwenye Neno: Utabiri wa Mustakabali katika Kinjeketile, Ukisomwa kutoka Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Tamthiliya ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein imehakikiwa mara nyingi kama kazi inayohusu umoja wa kitaifa, au imani inayogeuka kuwa silaha. Makala haya yanaisoma kwa swali jingine: mtu anapotabiri hatima ya jamii yake, na jamii ikatenda kwa kuufuata utabiri huo, ni nani anayewajibika kwa neno lile? Hoja inayojengwa ni kwamba Hussein alibadili jambo moja kubwa la kihistoria ili swali hilo lipate mtu wa kuulizwa. Uzito wa badiliko hilo unaonekana vizuri zaidi tamthiliya inaposomwa kutoka Masasi na Newala, mahali ambapo neno la maji lilifika bila mwenyewe, na ambapo ahadi nyingine za maji zimefuata.

2.0 Lugha ya Kutabiri

Kiswahili hakitabiri kwa kitenzi kimoja. Kuagua ni kutafuta chanzo cha tatizo pamoja na dawa yake. Mwaguzi hukaa na mgonjwa, na dawa isipofaa hurudiwa kuulizwa. Kutabiri, neno lenye asili ya Kiarabu, limetokana na dhana ya kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Kubashiri, nalo la Kiarabu, ni kuleta habari, na asili yake ni habari njema. Katika mfuatano huu msemaji huzidi kuwa mbali na anayesemewa: mwaguzi yupo, mfasiri aweza kuulizwa ameonaje, mleta habari hufikisha na kuondoka.

Mhusika Kinjeketile anazipitia hatua zote tatu. Anaanza akiwa mganga katika jamii yenye njaa, inayosukumwa kufanya kazi ya shuruti katika shamba la pamba. Anavutwa mtoni na Hongo, anatoka akiwa na maji, na anatamka maneno asiyoyatunga. Baadaye anajaribu kuyafasiri maneno yaliyotoka kinywani mwake, na tafsiri inamtisha: kauli kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said yaweza kumaanisha kumwondoa mtawala mmoja na kumkaribisha mwingine. Lakini wakati huo neno limekwisha kuwa bishara, na wenye bishara hawangoji tafsiri.

Wanaisimu wanakihusisha kiambishi cha wakati ujao, -ta-, na kitenzi -taka. Asili hiyo inatoa mwanga juu ya mgogoro wa tamthiliya. Watu waliochoka kuonewa wanaposikia kwamba jambo litakuwa, wanasikia kwamba jambo linatakiwa, na kwamba wameruhusiwa kulitenda. Kinjeketile anawataka wangoje mpaka wajiandae. Wao wanaona kwamba kungoja ni kulikana neno lake mwenyewe.

3.0 Mtabiri Aliyeongezewa Siku

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu wa historia, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza mwishoni mwa Julai. Hakuliona shambulio la Mahenge la tarehe 30 Agosti, ambapo bunduki za rashasha ziliwaangusha wapiganaji walioyaamini maji. Kinjeketile wa jukwaani anaongezewa siku. Anaishi hadi baada ya kushindwa, akiwa mfungwa pamoja na Kitunda, kiongozi aliyewafunza vijana vita na kuwashuhudia wakifa.

Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake si nakala ya mtu wa historia. Hata hivyo, badiliko hili halielezeki kwa uhuru wa kisanaa peke yake. Bila siku hizo za ziada, Kitunda asingekuwa na mtu wa kumkabili na kumwomba akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa, kwa sababu kukana neno kungewafundisha watakaozaliwa kwamba mababu zao walikosea kupigana. Mhakiki anaweza kulipongeza jibu hilo au kulilaumu. Lililo muhimu ni kwamba linatolewa mbele ya mtu aliyelipia utabiri, na mtabiri naye yu karibu kuulipia kwa uhai wake.

Hapo ndipo pia ulipo upungufu wa tamthiliya. Kinjeketile anamjibu Kitunda peke yake, mtu wa karibu aliyeshiriki siri na mashaka yake. Waliopata neno kwa mbali hawana nafasi katika chumba kile cha wafungwa.

4.0 Neno Lililofika bila Mwenyewe

Masasi iko chini ya uwanda wa juu wa Makonde, upande wa magharibi. Misheni ya UMCA ilianzishwa hapo mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, mwanaisimu wa Kiswahili, pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wapiganaji wa Maji Maji waliichoma misheni hiyo mwaka 1905, wakati mtabiri wa Ngarambe alikuwa amekwisha kunyongwa. Baadhi ya watu wa eneo hilo waliyapokea maji. Wengine, wakiwamo baadhi ya viongozi wa Wayao, waliyakataa. Waliopokea na waliokataa waliamua mambo ya uhai na kifo bila kuwa na Kinjikitile wa kumuuliza.

Eneo hilohilo lilikuwa na mfano wa usemi wa namna nyingine. Mwaka 1890, Machemba, kiongozi wa Wayao kwenye uwanda wa Makonde, alimwandikia Hermann von Wissmann barua kwa Kiswahili akikataa kuwa chini yake, huku akiuacha wazi mlango wa urafiki. Barua haikuahidi ushindi. Ilieleza atakachokubali na asichokubali mwandishi wake, na mwaka 1899 Machemba mwenyewe ndiye aliyelazimika kuvuka Ruvuma na kuiacha nchi yake. Neno lake na maisha yake havikutengana.

5.0 Maji Mengine

Uwanda wa Makonde una udongo unaonyonya mvua upesi, na kwa vizazi vingi watu wa Newala wameteremka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo. Mpango wa maji vijijini wa mwaka 1971 ulilenga kila kaya nchini ipate maji ndani ya mita 400 ifikapo mwaka 1991. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, iliyoandaliwa na kuzinduliwa wakati wa urais wa Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Lupaso, Masasi, nayo iliahidi maji salama kwa wote.

Jina la matini hii linastahili kuhakikiwa. Dira ni chombo cha baharia. Huonyesha upande, lakini haitoi ahadi ya siku ya kufika. Hapa imeambatanishwa na mwaka, hivyo imekuwa bishara. Sehemu yake imetimia: tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini, na Mkapa alifariki tarehe 24 mwezi huohuo. Kwa kipimo cha ukweli, basi, Dira inaishinda bishara ya Ngarambe. Kwa kipimo cha Kitunda, swali lingali palepale. Mtenda katika sentensi za Dira ni Tanzania, au Watanzania. Yaani aliyeahidiwa ndiye pia aliyeahidi, na mwenye ndoo mtelemkoni akitaka kuuliza atajikuta anajiuliza mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Tathmini za takwimu hupima kama neno limetimia. Kinjeketile inapima jambo jingine: kama mwenye neno yupo pale linapoulizwa. Kwa kuwa Dira ya 2050 imezinduliwa mwaka 2025, na mwaka mwingine umekwisha kutajwa, kazi ya uhakiki wa fasihi haiishii katika kumhukumu mganga wa Ngarambe. Ni pamoja na kuzisoma matini za mipango kwa jicho lilelile, na kuuliza katika kila sentensi yenye -ta- ni nani anayetaka, na ni nani atakayebaki kujibu.