Sifa ya Mpogoaji wa Mibuni

Watu wa pwani, ambao wamekunywa kahawa chungu barazani tangu enzi za mababu na wanaojua kwa mlio wa vikombe kwamba muuza kahawa amekaribia, aghalabu hawajapata kuuona mti wenyewe ukiwa umechanua. Nami nadhani kwamba yeyote asiyewahi kusimama katika shamba la mibuni la Kimilili au Chwele, katika ile asubuhi ya mwezi wa Machi ambapo maua yote hufunguka kwa pamoja, matawi yakawa meupe toka shinani hadi nchani, na harufu iliyo jamaa ya asumini ikatanda mpaka barabarani, huyo hajaonja ila nusu ya fahari ya kahawa.

Tabia ya mti huu mbele ya maji ni ya ajabu. Macho ya maua hutokea kwenye vifundo vya matawi, yakakua mpaka urefu wa milimita 4 au 6, kisha yakanyamaza. Na katika kiangazi cha Desemba mpaka Februari, wakati Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, unapoonekana wazi toka asubuhi, mbuni hukaa na kiu yake bila ya kufa wala kuchanua. Kiu hiyo ni sharti. Ikija mvua ya kwanza, hata kama ni ya milimita 10 tu, na hewa ikapoa ghafula, macho yale huamka, na baada ya siku 8 au 10 maua hufunguka, yakadumu siku 2 au 3 yakanyauka. Walakini joto na ukame vikipita kiasi, ua hutoka dogo, kijani na gumu, petali zake zimetanuka mfano wa nyota, wala halizai. Ama kiu ikikosekana kabisa, maua huja mafungu mafungu mwaka mzima, na mvunaji akalazimika kurudi kwenye mti ule ule mara kwa mara kwa ajili ya konzi moja ya matunda mekundu.

Ua likisha kuanguka, mambo hugeuka, na yale maji yaliyokuwa yakingojewa kwa hamu huwa ndiyo ya kuchungwa. Ukishuka kutoka Kitale, mji ulio juu ya bahari kwa takriban mita 1,900, ukapita Kiminini na Kamukuywa mpaka ukafika Bungoma, penye mita 1,400 hivi, utakuwa umetoka katika himaya ya maradhi moja ukaingia katika himaya ya mengine. Huko juu, kwenye baridi na ukungu, hutawala chulebuni, maradhi ambayo yalitambuliwa kwanza katika magharibi ya Kenya mwaka 1922: doa jeusi lililobonyea hutokea juu ya tunda changa, likaenea mpaka likalila lote, na ganda tupu likabaki limening'inia tawini. Huku chini, kwenye joto, hutawala kutu ya majani, unga wa rangi ya machungwa chini ya jani, ambayo iliandikwa habari zake karibu na Ziwa Nyanza mwaka 1861, na baada ya kuingia Sri Lanka mwaka 1869 ikaiangamiza kahawa ya kisiwa kile hata watu wakapanda chai. Maradhi haya yanahitilafiana katika mengi, illa yanaafikiana katika jambo moja: yote mawili huhitaji maji yatuame juu ya jani au tunda kwa muda wa saa kadhaa, ndipo mbegu za kuvu zipate kuota na kupenya. Maji yakikauka mapema, adui amefungiwa mlango.

Na mwenye kufunga mlango huo ni mpogoaji. Fundi hodari hutamtambua kwa wepesi wa mkasi wake. Utamtambua kwa kuchelewa kwake kuanza, kwa maana kwanza huchutama chini ya mti akatazama juu, akapima kwa jicho mahali mwanga unapopita na mahali unapozuiliwa. Kisha huchagua mashina mawili au matatu ya kubaki. Machipukizi laini huyang'oa kwa kidole gumba kabla hayajakomaa. Matawi yanayogusa ardhi, yanayopandana, na yaliyokwisha kuzaa yakachoka, huyakata karibu na shina bila ya kulijeruhi gome. Na anapomaliza, tumbo la mti limekuwa wazi kiasi cha kuwa umande uliokuwa ukikaa majanini hadi karibu na adhuhuri sasa hukauka mapema asubuhi. Hakuna dawa ya dukani iliyofanya kazi hiyo. Yaliyokatwa hayatupwi ovyo: majani yaliyo salama, pamoja na mabua ya mahindi ambayo Kitale haiyakosi, hutandazwa juu ya ardhi mbali kidogo na shina, ili udongo uhifadhi unyevu wake wakati juu kunakauka. Migrevilea na migomba ya kivuli nayo hupunguzwa kwa hesabu hiyo hiyo, kwani kivuli kidogo hupoza joto, na kivuli kingi hufunga hewa. Mizizi iloe, majani yakauke: hiyo ndiyo tadbiri yote, na ni rahisi kuitamka kuliko kuitenda.

Wapo wanaosema kwamba ufundi huu umepitwa na wakati, maadamu mbegu ya Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985, na Batian mwaka 2010, zote zikiwa na nguvu ya kustahimili chulebuni na kutu. Mimi siafikiani nao. Ruiru 11 hupandwa kwa nafasi ya mita 2 kwa mita 2, mibuni 2,500 katika hekta, ilhali ile ya zamani ilikuwa 1,330 tu. Kwa hiyo hewa huzuilika upesi zaidi, na tawi lililomo gizani halitoi ua hata likiwa na afya njema kiasi gani. Ama wenye mibuni ya zamani, SL 28 na ndugu zake, ambao hunyunyiza dawa ya shaba msimu baada ya msimu na kulalamikia bei yake, wajue kwamba katika mti uliosongamana dawa hiyo haifiki ndani. Nusu ya fedha imenyunyiziwa majani ya nje.

Lililo la kushangaza ni kwamba katika mikutano ya vyama vya ushirika bei na mikopo hujadiliwa mpaka jua likachwa, na mpogoaji, ambaye ujira wake ni wa kibarua, hatajwi hata kwa shukrani. Basi, wewe mwenye shamba, mavuno yakiisha Desemba mwite fundi wako mapema, umlipe kwa ustadi wake na si kwa idadi ya miti, naye amalize kazi kabla ya mvua za Machi.